Taa ya Dashibodi ya Mwalimu wa Kwaya

Sijui Mwalimu wa Kwaya alizaliwa wilaya gani, wala baba yake sikuwahi kumsikia akimtaja. Ninachojua ni kwamba ni mtu wa bara, lafudhi inamtoka akikasirika, na kwamba hapa Temeke hakuna anayeijua sauti yangu kama yeye. Jina langu hakuhangaika nalo. Aliniita Sauti ya Pili. Sauti ya pili kanisani tulikuwa wengi, lakini akisema "We Sauti ya Pili!" kila mtu alijua ni nani anaitwa, na wenzangu walishusha pumzi kwamba si wao.

Mazoezi yalianza saa kumi na moja jioni, na saa kumi na moja ya kwake ilikuwa saa kumi na moja kweli, siyo hii ya kwetu. Ikifika, hata kama yupo yeye na mzee mmoja wa besi tu, alinyanyua mkono akasema, "Tunaanza na waliopo." Basi. Ukichelewa unaingia wimbo uko katikati, unahangaika kutafuta pa kudandia. Hakukugombeza. Siku moja ilinyesha, tukachelewa karibu kwaya nzima, tukamkuta ameanza na mama anayefagia kanisa, ufagio mkononi, anaimba sauti ya kwanza na macho ameyatoa kwa woga. Yule mama hadi leo ni mwanakwaya mwenzetu, na anatuzidi wengi.

"Tunaanza na waliopo." Maneno haya nayaweka hapa mapema kwa sababu nitayarudia, na nikiyarudia hayatanichekesha.

Alikuwa na gari. Jamani, lile gari! Dogo, la zamani, rangi ya maziwa, na mlango mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Kila siku ya mazoezi lilizunguka Tandika na Yombo likikusanya waimbaji wasio na nauli, na wenye nauli waliokuwa wavivu, kama mie. Ndani mlikuwa na sheria. Besi mbele, wanawake nyuma, na hakuna kula karanga kwa sababu zinakausha koo. Honi yake alidai ina sauti ya "sol" isiyo na shaka. Akifika kwako alipiga honi mara moja, nawe ulitakiwa utoke unaimba "sol" ile ile. Ukitoka na sauti nyingine alitikisa kichwa na kupiga tena. Majirani zangu walishazoea kuniona natoka mlangoni naimba kama chizi, mkoba begani, kiatu kimoja bado sijakifunga.

Na hakuzidi hamsini. Barabara iwe tupu, iwe imefungwa, yeye ni hamsini. Bodaboda walimpita wakimtukana, na kondakta mmoja alishawahi kutoa kichwa dirishani amuulize kama gari anaendesha au analisindikiza. Mwalimu alicheka sana siku ile, akapunguza hadi arobaini na tano makusudi. Macho yake yalikuwa yakienda barabarani, yakirudi kwenye saa ya spidi, yakienda kwenye geji ya mafuta, yakirudi barabarani. Alisema mtu asiyejua anakwenda kasi gani hajui anakwenda wapi. Tukirudi jioni kigiza kimeshaingia, zile saa ziliwaka taa ya kijani, dhaifu, na ile kijani ikamwangukia kidevuni. Mie nikikaa nyuma katikati nilikuwa nakiona kile kidevu kwenye kioo chake kidogo, na nilijisikia niko salama. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nina duka langu la spea za magari pale Tandika, lakini kwenye lile gari nilijisikia kama mtoto anayepelekwa nyumbani.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ubishi wa kuchosha. Harusi alizikimbia kwa sababu, kwa maneno yake, washereheshaji wanapiga kelele nje ya ufunguo. Alituimbisha harusini, tukimaliza wimbo wa mwisho anatoweka kabla ya keki, na waliokuja na gari lake wanajijua. Halafu maji ya baridi. Kwetu sisi ilikuwa marufuku, barafu ni adui wa koo, angekukuta na chupa ya maji ya friji angekuambia ukae nje hadi koo lirudi. Lakini mchana, jua likichoma, Mwalimu huyo huyo alikuja dukani kwangu, akaketi kwenye kiti cha nyuma ya makabati ambako mtu wa barabarani hamwoni.

"Sauti ya Pili, iko?"

"Iko, Mwalimu. Ya baridi?"

"Ya baridi sana. Na usimwambie mtu."

Alikunywa soda yake taratibu, kafumba macho, mkosaji mwenye raha zake. Sikumwambia mtu. Niliona fahari kwamba mzee mzima ana siri na mie. Ndivyo tulivyozoeana kufichiana vitu, mie na yeye, na nadhani ndiyo maana baadaye uongo haukuniwia mgumu.

Msibani ndiko ungemjua. Mama yangu alipofariki tulimzika kwetu Chanika, mbele ya Pugu, na mvua ya wiki nzima ilikuwa imeiharibu njia. Basi la waombolezaji likakwama barabara kuu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka sijitambui, nikasikia honi. "Sol." Mwalimu alikuwa ameleta besi zake, akageuza, akawafuata sauti ya kwanza, akageuza tena, akaenda na kurudi kwenye lile tope hadi kwaya yote ikafika, na gari limechafuka hadi paani. Hakuja kunipa pole. Alinijia na kuniambia, "Leo huimbi. Leo unaimbiwa." Hapo ndipo nilipolia, nilikuwa bado sijalia. Jioni alinirudisha mjini mwenyewe, akavunja sheria yake, akaniweka kiti cha mbele. Njia nzima taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Huyo ndiye mtu niliyemdanganya.

Taa yenyewe iliungua mwaka juzi. Siku iliyofuata akaja dukani mapema, ameifunga ile globu kwenye leso kama jino la mtoto. Kitu kidogo, hakizidi punje ya haragwe, kioo chake kimekuwa cheusi. Aliitoa mwenyewe. Aliona vibaya kidogo siku hizo, lakini vidole vyake vilikuwa bado vinajua kazi.

"Bila hii sizioni saa zangu jioni," akasema. "Na bila kuziona siendeshi. Nitafutie."

Sikuwa na haja ya kutafuta. Nilikuwa nazo kwenye droo, boksi zima. Lakini usiku wa kuamkia siku ile binti yake alikuwa amenipigia kutoka Mbeya anakofanya kazi. Analia. Baba, anasema, amegonga tena nguzo ya geti. Baba aliponea chupuchupu kumgonga mwendesha bodaboda pale Mtoni. Baba haoni, dada, na hakubali kwamba haoni, hospitali hataki, na ukimwambia aache gari anakata simu. "Sasa taa imeungua, mie namshukuru Mungu. Naomba sana, dada yangu. Atakuja kwako. Mwambie haipatikani. Ataendesha mchana tu, njia za karibu, basi. Wewe anakusikiliza."

Na alikuwa anasema kweli, sitaki kumsingizia. Hata mie nilishaona anavyosogeza pua kwenye karatasi ya nota. Nikamwambia sawa, nikamuahidi pia kwamba mazoezini tutakuwa tunampitia wenyewe, asiwe na wasiwasi, kwaya yote ile ishindwe kumbeba mtu mmoja?

Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia nitafutie, mkono wangu ulikuwa juu ya droo ile ile.

"Hizi za zamani haziji siku hizi, Mwalimu. Hata Kariakoo nimeshaulizia kwa mteja mwingine, hakuna."

Aliniangalia kidogo. Akaifunga globu yake kwenye leso, akairudisha mfukoni.

"Wewe ukisema haipo, basi haipo," akasema, na siku hiyo hakuomba soda.

Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo. Angenibishia ningeona nafuu, mbishi kama yeye. Angesema ngoja nijaribu kwa wengine. Maduka ya spea Temeke yamepangana kama meno. Lakini alikuwa ameshaniuliza mie, na mie nilikuwa Sauti ya Pili.

Mwanzoni tulijitahidi. Kwenye kundi letu la kwaya la simu, kila siku ya mazoezi mtu aliuliza, "Nani anampitia Mwalimu leo?" na vidole gumba vikajaa. Alikuja kwenye magari ya watu, hajui mikono aiweke wapi. Halafu, unajua mambo yanavyokuwa. Mwenye gari kubwa akahamishwa kikazi. Mwingine akasema foleni, mwingine akasema alidhani leo ni zamu ya fulani. Vidole gumba viliendelea kujaa, kila mmoja akiviona anajua kuna mtu ameshakwenda, na mtu huyo hakuwepo. Na mie? Nina kirikuu, kale kagari ka kubebea mizigo ya duka. Nilikuwa na uwezo wa kumpitia kila siku ya mazoezi nikitaka. Nilijiambia kirikuu ni kichafu, Mwalimu hawezi kukaa kwenye mafuta ya grisi. Uongo mwingine huo, mtu aliyepita tope la Chanika!

Akapatikana kijana wa kutuongoza, ana kinanda chake, mzuri tu, mpole. Siku ya kwanza alisimama anatazama mlangoni, anatazama saa, anaona aibu kushika nafasi ya mzee. Tukamngoja Mwalimu kidogo. Mwishowe mtu mmoja kule nyuma akasema, "Jamani, si mwenyewe alituambia? Tunaanza na waliopo." Watu wakacheka, tukaanza. Mie nilicheka pia. Na niseme lililo baya zaidi, maana nimeamua kusema: niliona raha. Mazoezi yalikuwa mafupi, yule kijana hakurudisha mstari mmoja mara kumi, nilifika nyumbani mapema nikapika kwa nafasi. Miezi ikapita hivyo. Nikikutana naye Jumapili kanisani, ameletwa na jirani, nilimpa shikamoo ya haraka haraka, nikajifanya nina mtu wa kumuwahi.

Aliyenikamata ni mama mmoja muuza chapati wa Yombo. Alikuja kununua fyuzi ya pikipiki ya mumewe, akaona kalenda ya kwaya yetu ukutani.

"Kumbe na wewe uko kwaya hii? Basi mwambieni yule mzee wenu aache kujitesa. Mie meza yangu inatazama geti lake. Kila Alhamisi anatoa kiti, anakaa na shati lake jeupe, kakunja mikono juu ya lile daftari lake la nyimbo. Anakaa mpaka giza liingie, ndiyo anarudisha kiti ndani. Nikamuuliza, babu unamngoja nani? Akasema wanakwaya wanakuja kunipitia."

Nilimpa fyuzi. Nadhani nilimpa ambayo siyo, maana mumewe alirudi nayo kesho yake. Mie nilifunga duka mchana ule ule, jambo ambalo silifanyagi, nikatoa globu moja kwenye droo, nikaitia kwenye sidiria nisije nikaipoteza, nikawasha kirikuu.

Nilimkuta uani anamwagilia mchicha. Amepungua. Shingo imekuwa nyembamba kwenye kola.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakugeuka, akaendelea kumwagilia. "Sauti ya Pili. Unapumua vibaya, umepanda ngazi gani?"

"Mwalimu, nimeipata ile taa."

Akaweka kopo chini. Nilitaka kuendelea, niseme kwamba sikuipata, nilikuwa nayo. Mdomo ulikataa. Naye alishatangulia kwenye gari, anapapasa ukuta kidogo kidogo, anaita kwa furaha kama mtu aliyeletewa mgeni, "Bisibisi iko kwenye kopo dirishani! Lete na ile fupi!"

Tukafanya kazi. Betri ilikuwa hai, kumbe gari alikuwa akiliwasha pale pale uani lisife. Yeye alikaa kiti cha dereva, mie nimepiga magoti mlangoni, vumbi la mwaka mzima linanipalia. Alinielekeza kwa vidole. Skrubu za juu kwanza, chini ya ukingo. Vuta fremu taratibu, ile plastiki imezeeka, usiivunje. Sasa ingiza mkono nyuma, zungusha kishikizo kidogo tu kuelekea kushoto, kitatoka chenyewe. Kikatoka. Nikaichopeka globu mpya, nikazungusha, nikarudisha saa mahali pake. Kazi yenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, chai isingepoa. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kwa kitu kidogo namna hii!

Jua lilikuwa kali, taa ya dashibodi huwezi kuiona mchana. Mwalimu akasema tufunike gari. Akaenda ndani akarudi na blanketi na mashuka ya kitandani, tukayatandika juu ya vioo vyote, tukaingia, tukafunga milango. Joto lilikuwa la tanuru. Yeye kwa dereva, mie kiti cha besi. Giza zuri, lenye harufu ya dawa ya nondo.

"Washa," akaniambia. "Wewe ndiye fundi."

Nikanyoosha mkono upande wake kutafuta swichi. Bado sijaifikia. Vidole vyangu viko hewani, saa zote ni nyeusi tii, na Mwalimu akapiga makofi mara moja.

"Eeeh! Hiyo hapo! Safi kabisa, Sauti ya Pili. Imependeza kuliko ile ya zamani."

Nilibaki mkono hewani. Halafu nikaifikia swichi, nikaibonyeza, na kijani kikatoka, kile kile, kikamwangukia kidevuni. Alikuwa anatabasamu. Uso ameuelekeza kwenye redio.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Imewaka vizuri sana."

Binti yake alikuwa sahihi, mnaona. Ningempa taa ile siku ile ya leso, labda leo ningekuwa naandika habari nyingine mbaya zaidi. Nimejiambia hivyo mara nyingi na ni kweli, na haunisaidii ukweli huo. Tulimnyang'anya taa kwa sababu nzuri, halafu tukamwacha na kiti getini.

"Mafuta yanasomaje?" akauliza.

"Robo."

"Yanatosha kanisani na kurudi." Jasho lilikuwa linamtoka na hakujifuta. "Alhamisi ni saa kumi na moja."

"Nakupitia mie mwenyewe, Mwalimu. Saa kumi niko hapa."

"Usichelewe," akasema.

Alhamisi nilifika saa tisa na nusu. Geti lilikuwa wazi, kiti cha kungojea hakikuwepo. Mwalimu alikuwa ameshaingia kwenye gari lake, shati jeupe, daftari magotini. Alikuwa amekaa upande wa abiria. Kwenye kiti cha dereva, kitambaa kimepanguswa vizuri, aliweka ufunguo.

"Leo sauti ya pili mbele," akasema, akitazama mbele. Nilishika usukani, nikapiga honi mara moja, tukaimba "sol" wote wawili, na mama wa chapati ng'ambo akatupungia mwiko.

Mazoezi sitayaeleza. Yule kijana alimpisha mwenyewe bila kuambiwa, akakaa kwenye kinanda. Mstari mmoja tuliurudia hadi watu wakanuna. Tulitoka kigiza kimeshaingia, nikawasha taa, na saa zote zikawaka kijani.

Tukiwa tunaikaribia Tandika, nilishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, ile globu. Sikuipata juzi. Ile siku uliyokuja na leso..."

"Maduka yote haya ya spea," akanikatiza, amenyoosha mkono kuelekea dirishani, kwenye maduka asiyoyaona, "mie nilikuuliza wewe tu."

Sikujua ananisamehe au ananisuta. Hadi leo sijui, na kila Alhamisi namwendesha, na kila Alhamisi nataka kumuuliza, na siulizi. Machozi yalikuwa yananitoka, barabara inacheza cheza, bodaboda wanatupita kulia na kushoto.

"Spidi ngapi?" akauliza.

Nikajifuta kwa kiganja, nikainama kidogo nisome.

"Hamsini na tano, Mwalimu."

"Punguza," akasema.